Mdhamini Asiyeuliza

Nilikuwa na kaka mwalimu mwenye mshahara wa kila mwezi, nilikuwa na rafiki mwenye malori mawili, na nilikuwa na mama mkwe mwenye mashine ya kusaga unga. Nilipohitaji mdhamini wa mkopo wa gari, nilimchagua mama mkwe. Si kwamba aliwashinda hao wengine kwa mali. Nilimchagua kwa sababu ni yeye peke yake ambaye hangeniuliza kitu. Hilo nililijua tangu siku ile ile, ingawa kwa miaka mingi nilijifanya silijui.

Kwetu Wajaluo, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Hamshikani mikono, hamli pamoja, hamtazamani usoni. Mkikutana njiani, kila mtu anageukia upande wake mpaka mwenzake apite. Neno likiwepo linapitia kwa mtu wa tatu, hata kama mmesimama hatua nne tu na kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri. Siku hizi vijana wanasalimiana na mama wakwe wao kwa kukumbatiana, na sina ugomvi nao. Mama mkwe wangu alikuwa wa zamani. Alikuwa Msabato wa kweli, aliyezima mashine yake kila Ijumaa kabla jua halijazama, na heshima ya ukwe aliishika vivyo hivyo. Katika miaka kumi na miwili ya ndoa yangu sikumbuki kuuona uso wake wote kwa mara moja. Nilimjua kwa sauti, kwa kitambaa cha kichwani na kwa unga wake.

Unga ulikuja kila mwisho wa mwezi. Mke wangu alikwenda kumsalimu, akarudi na gorogoro kumi, ile mikebe ya kupimia nafaka, za unga wa mahindi uliochanganywa na mtama, kwenye gunia la sukari lililofuliwa. Mashine ile ilisaga laini. Mama aliinunua kwa kiinua mgongo cha marehemu mume wake, aliyefanya kazi kiwanda cha pamba hadi akafa, akaijengea kibanda cha mabati sokoni, kwenye njia ya kutoka Oyugis kwenda Homa Bay. Ilimsomeshea watoto wawili wa mwisho na ilimfanya asiombe mtu chumvi. Wanawake wa soko lile walimwita Mwenye Mashine, na aliitika.

Mimi nilikuwa na duka la baiskeli Migori mjini. Niliuza baiskeli nyeusi, matairi, cheni, spoki na taa za dainamo. Wateja wangu wakubwa walikuwa wakulima wa tumbaku, waliochukua baiskeli kwa mkopo na kulipa wakishauza majani yao. Mtindo huo ulinilisha vizuri, nikanenepa, nikaanza kuongea kwa sauti kubwa. Kisha ukaja ule mwaka shilingi ilipoanguka. Bei ya baiskeli ilipanda karibu mara mbili kati ya oda moja na nyingine, na msimu huohuo mvua ya mawe ikaipiga tumbaku. Wakulima walikuja dukani wakiendesha baiskeli zangu mwenyewe kuniambia hawana kitu. Nami nilikuwa nimechukua mali ya watu kwa mkopo.

Tajiri wa jumla aliyeniuzia mali, kule Kisumu, hakuwa mtu wa kelele. Alimpa wakili wake kazi, na wakili akafungua kesi ya kunitangaza mufilisi. Wakili wangu, mzee mmoja mwenye koti lililochakaa viwiko, alinieleza jambo moja mara mbili ili nisije kusema sikulisikia. Mpaka mahakama imalizane nami, nisichukue mkopo kwa mtu yeyote bila kumwambia kwanza kwamba nina kesi hiyo. Nikamwambia nimeelewa. Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba tumepatana na yule tajiri na kesi imekwisha.

Utauliza, mtu aliye katika hali kama hiyo anatafuta gari la nini? Jibu nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa la biashara. Omena, wale dagaa wa ziwani, walikuwa wengi kule Sori na magari ya kuwaleta Migori yalikuwa machache. Mwenye pikapu angeweza kujiinua ndani ya mwaka mmoja. Hilo lilikuwa kweli, lakini nusu tu. Nusu ya pili ni kwamba watu wa mjini walikuwa wameanza kunisalimia kwa ile sauti ya kusalimia wagonjwa, nami sikuweza kuivumilia. Nilitaka wanione nikipita nyuma ya usukani, kiwiko dirishani. Nilikuwa naona aibu, na nikataka gari liifunike.

Migori kila mtu alijua habari zangu, kwa hiyo nilikwenda Homa Bay. Kulikuwa na kampuni ndogo ya mikopo ya magari, ofisi ya ghorofani juu ya duka la vitambaa. Wao walilipa bei ya gari, wewe ukalipa kila mwezi, na kitabu cha umiliki wa gari kikakaa kwao mpaka mwisho. Zaidi ya hapo walitaka mdhamini mwenye mali inayoonekana. Walinipa fomu. Katika ukurasa wa pili paliulizwa kama mwombaji amewahi kutangazwa mufilisi, au kama kuna kesi ya namna hiyo mahakamani. Niliandika Hapana kwa herufi kubwa.

Sasa mdhamini. Kaka yangu angetaka kuona karatasi zote. Angekaa nazo siku tatu, angepanda basi hadi Kisumu kumuuliza wakili, kisha angekataa na kunisomea risala. Rafiki mwenye malori angecheka na kuniuliza mbele ya watu kama kesi yangu imeishia wapi. Mama mkwe hangeweza. Mkwe hamwulizi mkwe mwenziwe habari za madeni yake. Kumwuliza ni kumvua nguo. Niliyapanga yote hayo kichwani nikiwa nimekaa dukani kati ya rafu tupu, kisha nikamtuma mke wangu.

Alirudi kesho yake na unga. Akasema mama amekubali, na ameuliza kitu kimoja tu, ni siku gani, ili aweze kuwaambia watu mapema kwamba mashine haitasaga. Nilifurahi hata nikapiga mluzi. Nikikumbuka mluzi ule, uso unanipata moto.

Siku ya kutia sahihi tulikwenda Homa Bay kwa magari tofauti, yeye na mke wangu wakatangulia. Karani alikuwa kijana mgeni kutoka mbali, mpole, aliyependa kazi yake. Alituelekeza tuketi sote kwenye benchi moja mbele ya meza yake. Mke wangu akaketi katikati. Mama akaliangalia benchi, hakuketi, akachukua kiti cha mbao kilichokuwa pembeni, akakigeuza na kuketi akitazama ukuta. Karani alidhani amekasirika. Akamwomba ageuke, akamwambia hakuna ubaya, ni karatasi tu. Mke wangu akamweleza taratibu kwamba hivyo ndivyo mama anavyokaa mbele yangu. Kijana aliona haya, akaendelea na kazi yake akimsemesha mgongo.

Alimsomea yote kwa Kiswahili, kwa uaminifu, wala simlaumu kwa lolote. Alimweleza kwamba nikishindwa kulipa, gari litauzwa, na pesa zisipotosha watachukua mashine. Mama alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Kisha karani akaweka kalamu chini.

"Mama, kabla ya kusaini. Huyu kijana iko na madeni ingine unajua?"

Mama hakugeuka. Alijibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, polepole, akiutazama ukuta.

"Huyu ni mkwe yangu. Mimi siwezi uliza yeye hiyo maneno. Wewe ndio mtu ya ofisi. Uliza yeye, mimi nitasikia."

Karani akanigeukia na kuniuliza. Chini, dukani, mtu alikuwa akipima kitambaa na kuhesabu yadi kwa sauti. Nilimwona mama ameinamisha kichwa kidogo upande wangu, sikio la kulia, kama mtu anayesikiliza kama injini yake inanguruma sawasawa.

"Hakuna," nikasema.

Nimewahi kudanganya watu wengine maishani, kama mfanyabiashara yeyote. Huyu alitafuta njia ya kuniuliza bila kuvunja heshima, aliikuta njia hiyo moja tu, ndogo, naye akaitumia. Nami nikaiziba. Alivaa miwani, akaandika jina lake lote, herufi moja baada ya nyingine, akaupuliza wino ukauke.

Pikapu ilikuwa nyeupe, imetumika lakini nzuri. Siku ya kwanza niliipeleka kwa mama mkwe, nikaiegesha nje ya boma, na alitoka akaizunguka mimi nikiwa nimesimama mbali nyuma ya mti. Alimwambia mke wangu aniambie ni nzuri. Aligusa bodi yake kwa kiganja, pale nyuma, akaondoa vumbi kidogo. Mke wangu alifurahi siku hiyo kuliko siku ya harusi yetu, na mimi niliendesha kurudi Migori nikiimba.

Nililipa miezi saba bila kuchelewa, naapa. Nilikwenda Sori alfajiri, nikapakia magunia ya omena, nikafika Migori wakati wanawake wa soko wanafungua vibanda. Kiwiko kilikuwa dirishani. Ile sauti ya wagonjwa ilikoma, na watu wakaanza tena kuniita mkubwa. Nilianza kuamini kwamba nitamaliza deni kabla mtu yeyote hajajua, na kwamba uongo ukishalipwa wote hugeuka kuwa si uongo tena. Nililala vizuri. Hilo nalo linanisumbua, kwamba nililala vizuri.

Mwezi wa nane, mtu mmoja aliyekuwa akinidai aliniona Sori nikipakia. Hakunisemesha. Alikwenda kwa wakili wa yule tajiri wa Kisumu akauliza, mufilisi anapataje gari jipya? Wakili aliiandikia kampuni ya Homa Bay. Nilipoitwa, yule karani mpole aliweka fomu yangu mezani na barua ya wakili kando yake. Alinitazama tu. Nilimpa ufunguo wa gari kabla hajauomba, nikarudi Migori nimesimama nyuma ya lori la miwa.

Wangeweza kunishtaki, maana kudanganya vile ni kosa. Hawakunishtaki. Walitaka pesa zao. Nakwambia bila unafiki, jela ingekuwa nafuu kwangu. Waliiuza pikapu kwa mnada, kwa bei ya kutupa kama kawaida ya minada, na deni lililobaki likaiangukia mashine.

Walipokwenda kuichukua, mimi sikuwepo. Mke wangu ndiye aliyekuwepo, alikwenda kufuata unga. Ilikuwa Ijumaa alasiri na kulikuwa na foleni ya wanawake wenye beseni za mahindi. Mama aliisoma barua akiwa amevaa miwani yake, akaikunja, akawaambia wanawake kwamba leo mashine haisagi, waende soko la pili. Kisha akawaomba wale wanaume wafanye haraka, wamalize kabla jua halijazama, kwa sababu Sabato ilikuwa inaingia na hakutaka kazi ifanyike kwake wakati huo. Walihangaika na nati za injini zilizoshikwa na kutu. Spana yao haikuingia. Mama aliingia ndani akawaletea ya kwake.

Hayo yote mke wangu alinieleza akiwa amesimama mlangoni, bado ana mkoba begani. Kisha akaniuliza kama kesi ya Kisumu ilikuwa imekwisha kweli. Nikamwambia haikuisha. Akauliza kama nilijua hivyo siku ile tulipoketi kwenye benchi. Nikamwambia nilijua. Aliuweka mkoba chini, akaanza kuanua nguo kwenye kamba, na hakunisemesha kwa siku tisa.

Siku ya kumi nilimwomba anipeleke kwa mama yake. Nilitaka kuungama. Nilikuwa silali vizuri tena, na niliona kwamba nikilisema jambo lile lenyewe, wazi, litatoka kifuani. Tulipita sokoni. Kibanda kilikuwa wazi, na kwenye sakafu ya saruji zilibaki bolti nne zimesimama, zinang'aa pale zilipofunguliwa. Mtu alikuwa amezifunika mbili kwa makopo ili watoto wasijikwae.

Nyumbani kwa mama niliketi kwenye kigoda nje, chini ya upenu, mgongo wangu ukiuelekea mlango. Mama alikuwa ndani, karibu na mlango huohuo, nikimsikia akipepeta mahindi. Mke wangu alisimama kizingitini, katikati yetu. Nilimwambia mke wangu, kwa sauti ambayo hata jirani angeisikia, na kwa maneno niliyokuwa nimeyarudia njia nzima.

"Mwambie mama nilijua. Siku ya kusaini nilijua kesi bado iko, na nikasema hakuna. Na mwambie nilimchagua yeye kwa sababu yeye hawezi kuniuliza."

Kupepeta kulikoma. Nilingoja mke wangu ageuke ayapeleke maneno yangu. Hakugeuka. Alinitazama kutoka juu, macho makavu.

"Hiyo sipeleki," akasema. "Ulinituma mara ya kwanza nikapeleka. Hii ya pili utakaa nayo."

Kisha akageuza uso ndani na kumwambia mama yake kwamba mkwe anasalimu.

Nilitaka kusimama nigeuke niseme mwenyewe. Nilikuwa na miguu, nilikuwa na mdomo. Lakini kumgeukia mama mkwe mlangoni kwake na kumsemesha uso kwa uso ni kumdhalilisha mara ya pili, nikajiambia hivyo, na nikabaki kwenye kigoda. Mpaka leo sijui kama ile ilikuwa heshima au uoga. Najua tu kwamba ilinifaa. Ndani, mama alikuwa amesikia kila neno, maana alikuwa karibu kuliko mke wangu.

"Mwambie nimepokea salamu," akasema. "Na asiende mikono mitupu. Unga uko hapo kwa gunia."

Ulikuwa unga wa kusagwa kwa watu, niliujua nilipotia mkono. Ulikuwa na chenga. Tuliula mwezi mzima, na mwezi uliofuata ukaja mwingine, na mwingine, gorogoro kumi zilezile. Sikuwahi kumwambia mke wangu aukatae. Ningesemaje?

Miaka ilipita na mahakama ikaniondolea ufilisi. Wakili wangu alinipa karatasi yenye muhuri, akanishika mkono, akasema sasa niko huru kuanza upya, serikali haina neno nami. Duka nililiacha. Nilibaki na baiskeli moja, nikawa napeleka mikate kwenye maduka ya vijijini. Kila nilichoweza kukitenga nilimpa mke wangu ampelekee mama, naye alipeleka, lakini haikuwa pesa ya kununulia mashine. Mama aliitumia kulipia kusagiwa.

Najua hivyo kwa sababu nilimwona. Siku moja mzigo ulinifikisha hadi soko lile la pili, upande wa Oyugis. Kulikuwa na mashine ya mtu na foleni ndefu ya wanawake kwenye jua. Wa sita au wa saba alikuwa yeye, Mwenye Mashine, beseni kichwani, zamu yake bado iko mbali. Nilikijua kitambaa chake. Naye aliijua baiskeli yangu, au kikohozi changu, sijui, maana kabla sijafika alikuwa ameshusha beseni na kugeukia ukuta, kama siku ile ofisini.

Nikashuka kwenye baiskeli, kama inavyotakiwa. Nikageuza uso wangu upande wa pili wa barabara, nikakokota baiskeli taratibu, hatua kwa hatua, nikimpita. Nilipokuwa nimeshapita, nilisikia mwanamke mmoja kwenye foleni akimwambia mwenzake, kwa Kijaluo, kwa sauti ya kunisifu, kwamba wakwe wa namna hii wamebaki wachache, wanaojua heshima.

Mwenzake akaitikia kwamba ni kweli. Mama mkwe wangu nilimsikia akiivuta beseni yake mbele, foleni ilikuwa imesogea. Nami nikapanda baiskeli nikaenda zangu na mikate ya watu.